Joto, Uzee na Ustawi wa Wanyama Wenye Damu Baridi: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetunza mijusi, nyoka, kobe, vyura, samaki au wadudu, awe anawafuga nyumbani, kwenye bwawa au katika maabara, ambaye ameona kwamba kuna jambo haliendi sawa na anashuku kuwa joto linahusika. Kwa kawaida shaka hiyo ina msingi. Mnyama mwenye damu baridi hazalishi joto la kutosha kuushika mwili wake katika kiwango kimoja, kwa hiyo vimeng'enya vyake, moyo wake, kinga yake na viungo vyake vya uzazi hufanya kazi kwa kasi inayoamuliwa na mazingira. Katika spishi nyingi kasi ya umetaboli huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka, maadamu mnyama bado yumo ndani ya mipaka anayoistahimili. Vipimo vyote vitakavyotajwa hapa ni vya Selsiasi.

Ugumu wa uchunguzi unatokana na swali ambalo wengi huanza nalo, yaani joto gani linamfaa mnyama huyu. Swali hilo halina jibu moja. Joto linalorefusha maisha silo linalotoa uzao mwingi kwa haraka, na joto linalomkuza mtoto upesi laweza kuwa ndilo linaloharibu mbegu za dume. Kabla ya kugusa kidhibitijoto, mtunzaji anapaswa kuamua anatafuta nini: umri mrefu, uzao mwingi, ukuaji wa haraka au uponaji wa mgonjwa. Ninaposema ustawi katika maelezo yafuatayo nina maana ya uwezo wa mnyama kuishi na kuacha uzao, na uwezo huo haupimwi kwa umri peke yake.

Hatua ya kwanza kwa dalili yoyote: pima joto la mnyama, si la chumba

Kipimajoto kilichotundikwa ukutani humweleza mtunzaji hali ya ukuta. Mjusi aliye juu ya jiwe lililo chini ya taa anaweza kuwa na joto la mwili lililozidi lile la hewa kwa zaidi ya nyuzi 10, na samaki aliye chini ya tangi lisilochanganywa maji anaweza kuwa kwenye ubaridi ambao kipimajoto cha juu hakiuoni. Pima uso wa mahali mnyama anapoota joto kwa kipimajoto cha mnururisho (kile kinachopima joto la uso bila kuugusa), pima upande wa baridi wa kizimba, pima maji katika kina anachokaa samaki, kisha uandike kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa kwa saa 24, mchana na usiku.

Ninasisitiza viwango vya juu na vya chini kwa sababu wastani hudanganya. Uwezo wa mnyama wa kukimbia, kula, kukua au kutaga hupanda polepole joto linapoongezeka, hufika kileleni, halafu huporomoka ghafla katika nyuzi chache tu kabla ya kikomo cha uhai. Mchoro wake hauna pande mbili zinazolingana. Tuchukue mfano wa mnyama ambaye kilele chake kiko nyuzi 30 na kikomo chake ni nyuzi 35. Akikaa kwenye nyuzi 28 muda wote, atakuwa salama na mwenye nguvu. Akipelekwa kati ya 22 na 34 kila siku, wastani wake utabaki 28, lakini kila alasiri atakuwa amekaribia kuangamia, na faida ya saa za joto la wastani haitafidia hasara hiyo. Kwa sababu hiyohiyo wanyama wengi wanaopewa nafasi ya kuchagua hukaa kwenye joto lililo chini kidogo ya kilele chao: kukosea kwa nyuzi mbili upande wa baridi kunawagharimu kidogo, ilhali kukosea kwa nyuzi mbili upande wa joto kunaweza kuwaua.

Dalili: wanyama wanazeeka na kufa mapema

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni joto la juu la kudumu ambalo mnyama analistahimili bila kuonyesha mateso. Mwaka 1916 na 1917 Jacques Loeb na John Northrop waliripoti majaribio yao juu ya inzi wa matunda na kuonyesha kwamba umri wa inzi hao hufupika kadiri joto linavyopanda, kwa uwiano unaofanana na ule wa mabadiliko ya kikemia. Matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Inzi wa matunda anayetunzwa kwenye nyuzi 25 huishi takriban miezi miwili, kutegemea ukoo wake. Kwenye nyuzi 18 muda huo hukaribia kuongezeka maradufu, na kwenye nyuzi 29 hupungua sana.

Kuzeeka kunakosababishwa na joto hutambulika kwa mpangilio wa matukio. Mnyama hukua haraka, hubalehe mapema, hutaga au kuzaa mapema, kisha hudhoofika mapema. Hatua zote za maisha zipo, ila zimesogezwa karibu. Iwapo mnyama amekufa akiwa kijana bila kukua vizuri na bila kuzaa, huko si kuzeeka. Mtunzaji atafute ugonjwa, njaa, sumu au joto lililovuka kikomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya mijusi wa spishi ya Zootoca vivipara, waliowekwa katika mazizi makubwa ya nje kusini mwa Ufaransa, ulionyesha mpangilio huo kwa uwazi. Mazizi yaliyoongezewa takriban nyuzi 2 yalikuwa na vijana waliokua haraka na kuzaa mapema, lakini watu wazima walipungua kwa kasi zaidi. Anayeangalia vijana peke yao angesema joto limewafaa.

Inafaa kueleza hapa kwa nini jambo hili hutokea, kwa kuwa maelezo yanayozoeleka yana kasoro na kasoro hiyo huwapotosha watunzaji. Mwaka 1928 Raymond Pearl alitetea wazo kwamba umri hutegemea kasi ya kuishi: anayetumia nishati haraka humaliza maisha haraka. Kama hilo lingetosha, kila anayekua polepole angeishi zaidi na kila anayekua haraka angekufa mapema. Lakini katika majaribio ya Robert Liu na Roy Walford juu ya samaki wa msimu wa jenasi ya Cynolebias, samaki waliotunzwa kwenye maji ya baridi zaidi waliishi muda mrefu na bado walikuwa wakubwa kuliko wenzao wa maji ya joto. Mwaka 2013 watafiti wa mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans walionyesha kwamba mnyoo huyo anao mlango wa protini kwenye seli zake, uitwao TRPA-1, unaohisi baridi na kuamsha mfululizo wa ishara zinazorefusha maisha. Minyoo iliyoondolewa protini hiyo haikupata faida yote ya baridi. Kwa hiyo baridi haipunguzi tu kasi ya kemia ya mwili. Mwili wenyewe huipokea kama habari na kubadilisha mwenendo wake. Kwa mtunzaji maana yake ni kwamba hawezi kukisia umri wa mnyama kwa kukokotoa nyuzi peke yake, wala hawezi kuchukulia kwamba spishi mbili zitaitikia baridi ileile kwa namna ileile.

Hatua ya kuchukua ni kushusha joto kwa kiasi kidogo na taratibu, nyuzi 2 au 3 kwa jumla, na kuruhusu usiku uwe wa baridi kuliko mchana kwa spishi ambazo kwao hali ndivyo ilivyo. Kiasi hicho si kidogo kama kinavyoonekana. Samaki wa Kiafrika Nothobranchius furzeri, anayeishi katika madimbwi ya muda ya Zimbabwe na Msumbiji na ambaye ni miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo wenye maisha mafupi kabisa, aliposhushwa kutoka nyuzi 25 hadi 22 aliishi zaidi, na uwezo wake wa kuogelea na kujifunza ulidumu zaidi uzeeni.

Mtunzaji asitarajie, hata hivyo, kwamba kushusha joto kutaondoa madhara yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2003 kikundi cha Uingereza kilihamisha inzi wa matunda kutoka joto la juu kwenda la chini wakiwa watu wazima. Kasi ya kuongezeka kwa vifo vyao ilipungua kulingana na joto jipya, lakini hawakufikia kamwe hali ya wenzao waliokuwa kwenye baridi tangu mwanzo. Uchakavu wa siku za joto ulibaki ndani yao. Kupunguza chakula katika utafiti huohuo kuliwaleta inzi karibu mara moja kwenye kiwango cha vifo cha wale waliokula kidogo siku zote. Naliona hili kuwa jambo la maana kuliko mengine yote katika sehemu hii, kwa sababu linamwonya anayefikiri kuwa kiangazi kimoja kibaya kinaweza kufidiwa na majira ya baridi yatakayofuata.

Chanzo cha pili ni vipindi vifupi vya joto kali. Hivi havizeeshi kwa utaratibu. Hukunjua protini, huharibu utando wa seli na kumlazimisha mnyama kutumia nishati kutengeneza protini za kujikinga na joto. Ni kweli kwamba joto kali la muda mfupi sana, lililopimwa kwa uangalifu, limewahi kurefusha maisha ya inzi na minyoo katika maabara kwa kuamsha kinga hizo. Simshauri mtu yeyote kulitumia kama tiba, kwa kuwa tofauti kati ya dozi inayoamsha kinga na ile inayoua ni ndogo na hubadilika kwa umri, jinsia na mazoea ya mnyama.

Chanzo cha tatu si joto lenyewe bali vinavyoambatana nalo. Hewa iliyopashwa moto hukauka, na wadudu wadogo hufa kwa kupoteza maji kabla uzee haujawafikia. Chakula chenye unyevu huota ukungu upesi. Mabuu hukua kwa kasi na kusongamana. Ikiwa vifo hupungua mara tu unapoongeza unyevu au kubadilisha chakula bila kugusa joto, chanzo kimepatikana.

Dalili: wanaishi muda mrefu, wana afya, lakini hawazai

Hii ndiyo dalili inayochelewa kutambuliwa kuliko zote, kwa sababu mtunzaji anaridhika na kile anachokiona. Wanyama wanakula, hawaugui, wanafikisha umri mkubwa, na inachukua muda kutambua kwamba kizazi kinachofuata hakipo.

Kwanza, joto linaweza kuwa chini mno. Perege wa Naili, kwa mfano, hustahimili maji yanayokaribia nyuzi 12, lakini huanza kutaga maji yanapofika karibu nyuzi 24. Kati ya viwango hivyo viwili kuna pengo kubwa ambamo samaki yu hai na bwawa halina vifaranga. Kwa baadhi ya wadudu hali ni ya makusudi zaidi: jike la inzi wa matunda likiwekwa kwenye nyuzi 11 au 12 pamoja na mchana mfupi husimamisha ukuaji wa ovari na kuingia katika dayapozi, yaani mapumziko ya mwili yanayongoja majira mazuri, na katika hali hiyo huzeeka polepole mno. Umri huo mrefu umenunuliwa kwa kuahirisha uzazi.

Hapa ndipo umri na ustawi vinapoachana. Jike lililo kwenye joto la wastani linaweza kutaga mayai mengi zaidi kwa jumla ya maisha yake kuliko lililo kwenye joto la juu. Lakini lile la joto la juu hutaga mapema, na watoto wake nao hutaga mapema, kwa hiyo idadi ya ukoo wake huongezeka haraka zaidi. Joto linaloleta uzao mwingi kwa jike mmoja huwa chini kuliko joto linaloleta ongezeko la haraka la idadi yote. Mtunzaji anayetaka kuhifadhi ukoo adimu kwa miaka mingi achague la kwanza. Anayezalisha wadudu kwa ajili ya chakula cha mifugo ana sababu ya kuchagua la pili, akijua kwamba atabadilisha wazazi mara kwa mara.

Pili, kinyume chake, huenda wanyama wamekosa baridi wanayoihitaji. Nyoka na mijusi wengi wa nchi zenye majira ya baridi hulala kwa miezi kadhaa, na mwili wao hutumia kipindi hicho kama ishara ya kuandaa uzazi. Madume ya nyoka aina ya Thamnophis sirtalis parietalis wa Manitoba, Kanada, huanza kuposa wanapotoka kwenye mapango yao baada ya baridi. Wasipopitishwa kwenye baridi hiyo, hamu ya kuposa hupungua au hukosekana. Kuwaweka wanyama kama hao kwenye joto zuri mwaka mzima ni kuwanyima majira. Dawa yake ni kipindi cha baridi kinachoingizwa na kuondolewa polepole, na kwa mnyama mwenye afya na tumbo tupu pekee.

Tatu, joto linaweza kuwa limewahasi madume huku majike yakiwa salama. Mara nyingi mbegu za kiume huathirika kabla ya sehemu nyingine za mwili. Madume ya inzi wa matunda yanayokulia kwenye takriban nyuzi 30 au zaidi hutoka tasa, ingawa mengi hutembea, hula na kuposa kama kawaida. Katika utafiti wa mwaka 2018 juu ya mende wa unga, Tribolium castaneum, wimbi la joto la siku 5 lilipunguza uzao wa madume kwa karibu nusu, na wimbi la pili likayaacha yakiwa karibu tasa kabisa. Hata mbegu ambazo jike lilikuwa limekwisha kuzihifadhi ziliharibika. Jaribio la kutambua chanzo hiki ni jepesi: waingize madume waliolelewa kwenye joto la chini kwa majike yaleyale. Mayai yakianza kuanguliwa, tatizo lilikuwa kwa madume. Waliopata utasa wa muda wanaweza kurejea hali yao wakipelekwa mahali pa baridi zaidi kwa siku kadhaa, lakini si wote.

Dalili: watu wazima ni wadogo kuliko inavyotarajiwa, au wakubwa isivyo kawaida

Wanyama wenye damu baridi wanaokulia kwenye joto hukomaa haraka wakiwa wadogo, na wanaokulia kwenye baridi huchelewa kukomaa wakiwa wakubwa. Mapitio ya David Atkinson ya mwaka 1994 yalikuta mwelekeo huo katika zaidi ya asilimia 80 ya visa alivyovichunguza. Udogo peke yake, basi, si ushahidi wa njaa. Angalia kama muda wa kukomaa nao umefupika. Ukiwa umefupika, chanzo ni joto, na ukiwa umerefuka, chanzo ni chakula au msongamano.

Wala ukubwa si ushahidi wa ubora. Katika majaribio ya mwaka 1995 madume ya inzi wa matunda yaliyolelewa kwenye nyuzi 25 yaliyashinda katika kugombea eneo madume yaliyolelewa kwenye nyuzi 18, ijapokuwa haya ya baridi yalikuwa na miili mikubwa.

Dalili: watoto wote ni wa jinsia moja

Ikiwa mayai ni ya kobe, kasa, mamba au aina fulani za mijusi, usitafute chanzo mbali: joto la kutotoleshea ndilo lililoamua. Madeleine Charnier aliliripoti jambo hili mwaka 1966 baada ya kuchunguza mjusi aina ya agama nchini Senegali. Mwelekeo wake hutofautiana kwa spishi. Kwa kasa, joto lililo juu ya takriban nyuzi 29 hutoa majike zaidi. Kwa mamba aina ya aligeta wa Marekani, karibu nyuzi 33 hutoa madume, na chini ya hapo au juu zaidi hutoa majike. Kwa tuatara, mnyama wa New Zealand anayefanana na mjusi, joto la juu ndilo hutoa madume. Mjusi wa Australia, Pogona vitticeps, huamuliwa jinsia na kromosomu, lakini mayai yake yakizidi nyuzi 32 baadhi ya watoto wenye kromosomu za dume huzaliwa majike wanaoweza kutaga.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 99 ya kasa wa kijani ambao bado hawajakomaa na wanaotokana na fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, nchini Australia, ni majike. Katika kizimba cha kutotoleshea hali hiyo huweza kutokea kwa kosa la nyuzi moja tu, kwa hiyo weka kipimajoto kando ya yai lenyewe na usiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha mashine.

Dalili: mnyama anakula lakini anatapika, anakonda au mifupa yake inalegea

Nyoka aliyekula akanyimwa joto hawezi kumeng'enya. Nyama huoza tumboni na hutapikwa baada ya siku chache. Pandisha joto la upande wa kuotea kabla ya kumlisha tena, na umpe muda wa kupumzika. Mifupa ya mijusi na kobe inapolegea watu hufikiria kalsiamu na mwanga wa urujuanimno, na wako sahihi, ila husahau kwamba hatua ya mwisho ya kutengeneza vitamini D3 kwenye ngozi huenda kwa kasi inayofaa pale ngozi inapokuwa na joto. Taa nzuri juu ya mjusi aliyepoa hufanya nusu ya kazi.

Kukonda kunaweza pia kutokana na joto la juu, kwa njia isiyoonekana kirahisi. Mnyama anayekimbia joto hujificha, na saa alizojificha ni saa ambazo hali chakula. Utafiti wa mwaka 2010 juu ya mijusi wa jenasi ya Sceloporus nchini Meksiko ulikuta kuwa asilimia 12 ya makundi yaliyofuatiliwa yalikuwa yametoweka tangu 1975, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba saa za kujificha wakati wa msimu wa uzazi zilikuwa zimezidi. Kizimba chenye joto kupita kiasi kila pembe huleta matokeo yaleyale kwa udogo wake. Hesabu saa ambazo mnyama anakuwa nje na kula kabla ya kumshutumu kwamba amekataa chakula.

Dalili: samaki wanahema juu ya maji

Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo wakati ambapo samaki anaihitaji zaidi. Maji yasiyo ya chumvi yakishiba hewa huwa na takriban miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita kwenye nyuzi 10, 9.1 kwenye nyuzi 20 na 7.6 kwenye nyuzi 30. Anza kwa kupuliza hewa na kupunguza chakula, kisha ndipo ushushe joto, tena polepole.

Dalili: baadhi wamekufa ghafla siku ya joto, wengine wamesalimika

Tafuta kwanza historia ya kila kundi. Mnyama aliyezoeshwa joto kwa siku au wiki kadhaa hustahimili zaidi kuliko aliyetolewa mahali pa baridi asubuhi ileile, na kwa sababu hiyo mabadiliko ya maji au chumba yanapaswa kuenezwa kwa siku nyingi, takriban nyuzi 1 kwa siku, hata kama viwango vyote viwili ni salama kwa spishi hiyo. Tafuta pia hatua ya maisha: mayai na pupa hawawezi kutembea kwenda kivulini, na wazee hupona polepole. Angalia usiku, kwa kuwa usiku wa joto humnyima mnyama muda wa kutengeneza kilichoharibika mchana. Mwisho, angalia kama kizimba kilikuwa na upande wa baridi. Tangu Raymond Cowles na Charles Bogert walipochapisha kazi yao juu ya mijusi wa jangwani mwaka 1944 tumejua kwamba wanyama hawa hurekebisha joto lao kwa kusogea, na kizimba chenye joto moja kila mahali kimewaondolea kinga yao kuu.

Dalili: mnyama haondoki chini ya taa

Usikimbilie kuizima. Mnyama mwenye damu baridi akiambukizwa hupandisha homa kwa kuchagua mahali pa joto zaidi. Matthew Kluger na wenzake waliripoti mwaka 1975 kwamba iguana wa jangwani, Dipsosaurus dorsalis, walioambukizwa bakteria na kuwekwa kwenye nyuzi 40 au 42 walinusurika kwa wingi kuliko waliowekwa kwenye nyuzi 34 au 36. Hapa joto lililo juu ya kawaida ni tiba kwa siku chache, ingawa lingekuwa hasara kama lingekuwa la mwaka mzima. Kwanza pima uso wa mahali pa kuotea: ikiwa ni pa baridi kuliko inavyopaswa, mnyama anatafuta tu joto la kawaida, na tatizo ni taa. Ikiwa pana joto linalotakiwa na bado hatoki, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewafahamu wanyama wa aina yake, na mwache aendelee kuchagua.

Dalili: makundi mawili kwenye joto moja yanatoa matokeo tofauti

Kwa anayefanya majaribio, hili husumbua kuliko mengine. Kabla ya kudhani kwamba koo za wanyama hao zinatofautiana kwa urithi, tenganisha joto walilokulia na joto wanaloishi sasa, kwa kuwa mtu mzima aliyelelewa kwenye nyuzi 18 na aliyelelewa kwenye 25 hawako sawa hata wakikaa chupa moja. Joto la wazazi nalo linaweza kuacha alama, hivyo ni vyema kulea makundi yote kwenye joto moja kwa kizazi kimoja au viwili kabla ya kuanza kuhesabu. Angalia vilevile waliokufa njiani. Ikiwa joto kali liliua mabuu dhaifu, watu wazima waliobaki ni waliochujwa, na umri wao mrefu hausemi kwamba joto limewafaa. Hesabu lazima ianzie kwenye yai.